Wanauamini Umoja wa Ulaya kuliko serikali zao: maana yake nini?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Kwenye mdahalo wetu wa chuo, mwenzangu alitaja utafiti wa Eurobarometer, ule wa maoni ya raia wa Umoja wa Ulaya, wa mwishoni mwa 2024: asilimia 51 ya raia wa Umoja wa Ulaya walisema wanauamini Umoja, lakini asilimia 33 tu ndio waliosema wanaziamini serikali za nchi zao. Akahitimisha kwamba watu wamechoshwa na serikali za kitaifa na wako tayari kutawaliwa na vyombo vya juu zaidi. Sikuwa na la kumjibu. Je, yuko sahihi? Na kama yuko sahihi, mbona Mali, Burkina Faso na Niger zimeikimbia ECOWAS, jumuiya ya uchumi ya nchi za Afrika Magharibi? Nyongeza: watu wakifundishwa zaidi kuhusu taasisi hizi, imani yao huongezeka?

Jibu: Marahaba. Takwimu za mwenzako ni za kweli. Alipoteleza ni kwenye hitimisho, na usimcheke, maana hata sisi wa fani hii huteleza papo hapo. Amechukua "naamini" ya raia kuhusu serikali yake na "naamini" ya raia huyohuyo kuhusu Brussels, yaani Umoja wenye makao yake huko, akazitia kwenye mzani mmoja.

Tuanze na swali lenyewe linavyoulizwa. Mhojaji anasoma orodha ya taasisi, moja baada ya nyingine: vyama vya siasa, mahakama, polisi, bunge, serikali, Umoja wa Ulaya. Kwa kila moja anataka kujua kama unaelekea kuiamini au unaelekea kutoiamini. Basi. Hakuna "kiasi", hakuna "inategemea wakati gani". Wanahojiwa watu wapatao 1,000 katika kila nchi mwanachama, 500 kwa nchi ndogo kama Malta na Luxembourg. Mhojiwa ana sekunde chache tu. Akisikia "serikali", anamkumbuka waziri aliyemwona jana kwenye taarifa ya habari akijitetea. Akisikia "Umoja wa Ulaya", anakumbuka bendera yenye nyota, sarafu iliyo mfukoni, mpaka aliouvuka bila kuulizwa pasipoti. Hajui kamishna wa nchi yake kwenye Tume ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja, ni nani, wala hana sababu ya kumjua.

Nilipokuwa kijana nilifanya kazi ya kuzunguka na madodoso. Siku moja nilimhoji bibi aliyejibu kila kitu kwa hasira. Diwani? Hapana. Mbunge? Hapana kabisa. Polisi? "Usinitajie hao." Tukafika kwenye jumuiya ya nchi za kanda. Akanyamaza, akauliza, "Hao ndio akina nani?" Kanuni zilinikataza kueleza, kwa hiyo nikamsomea swali upya neno kwa neno. Akafikiri kidogo, akasema, "Hao hatujagombana. Andika nawaamini." Nikaandika. Kwenye jedwali, jibu lake lilihesabiwa sawasawa na la mtu aliyesoma mikataba yote ya jumuiya hiyo na kuiridhia.

Tunasema fimbo ya mbali haiui nyoka. Fimbo hiyohiyo haimchapi mtu pia, na sehemu kubwa ya imani kwa taasisi za mbali ni hii: haijawahi kunichapa.

Kiswahili kinatusaidia hapa. Kuaminiwa ni jambo moja, kuaminika ni jingine. Taasisi inaaminiwa pale watu wanaposema wanaiamini. Inaaminika pale inapostahili, yaani hata ukiipa amana ukageuka, utairudia amana yako uikute. Dodoso hupima la kwanza peke yake. Taasisi inaweza kuaminiwa bila kuaminika, kama tapeli yeyote aliye hodari wa kazi yake, na inaweza kuaminika kwa miaka bila mtu kuiamini.

Sasa turudi kwenye zile 51 na 33. Neno "serikali" kwenye dodoso mtu halisikii kama dola, analisikia kama hawa walio madarakani sasa. Kama chama kilichoshinda kilipata asilimia 40 ya kura, au serikali ni muungano wa vyama vitatu vilivyookotana baada ya uchaguzi, wale wengine waliokinyima kura wana kila sababu ya kusema hawaiamini. Si ugonjwa huo, ni siasa tu. Umoja wa Ulaya hauna chama tawala cha namna hiyo. Hakuna mpinzani aliyelala na hasira usiku wa matokeo kwa sababu Tume ya Ulaya "imemshinda". Kwa hiyo kulinganisha serikali na Umoja ni kulinganisha timu na kiwanja. Ukitaka mlinganisho wenye haki kidogo, angalia mahakama za nchi, jeshi au polisi. Katika nchi nyingi za Ulaya hivi huaminiwa kuliko serikali, bunge na vyama, na vyama karibu kila mahali hukaa mkiani. Kisa chake hakina siri: kazi ya chama ni kugombana hadharani, na bunge ndilo ukumbi wa ugomvi wenyewe. Watu huchukia kuona ugomvi hata pale unapowafaa.

Halafu kuna hili, na mwenzako akilielewa atakuwa amepata faida kubwa kuliko ushindi wa mdahalo. Kama Umoja ungekuwa unachukua nafasi ya serikali mioyoni mwa watu, mmoja ungepanda mwingine ungeshuka. Sivyo ilivyokuwa. Mwaka 2007 Umoja uliaminiwa na asilimia 57. Likaja anguko la benki la 2008, yakafuata madeni ya nchi za euro, na kufikia 2012 na 2013 ulikuwa umeporomoka hadi 31. Serikali za kitaifa nazo ziliporomoka wakati uleule, tena chini zaidi. Miaka iliyofuata vyote viwili vilipanda taratibu. Wanatembea pamoja kama mtu na kivuli chake.

Na ndivyo ilivyo hata kwa mtu mmojammoja. Ndani ya nchi moja, anayeiamini serikali yake huelekea kuuamini na Umoja, na anayeidharau serikali huudharau na Umoja. Mtu asiyejua Brussels inafanyaje kazi hutumia kilicho karibu kukisia kilicho mbali: wanasiasa ni wanasiasa. Maana yake, wale 33 kwa kiasi kikubwa wamo ndani ya wale 51. Mwenzako aliwafikiria kama makundi mawili, moja la wazalendo na jingine la waliokata tamaa na taifa.

Lakini ukiacha mtu na mtu ukalinganisha nchi na nchi, picha inageuka, na hapa ndipo palipo patamu. Pale rushwa ilipozoeleka na mahakama zinapotiliwa shaka, pengo kati ya Umoja na serikali huwa kubwa kwa faida ya Umoja. Raia hao hawaioni Brussels kama kivuli. Ni kimbilio.

Chukua Romania. Usiku wa Januari 31, 2017, serikali ilipitisha amri ya dharura iliyofanya matumizi mabaya ya madaraka yasiwe jinai kama hasara haifiki lei 200,000, fedha ya nchi hiyo. Usiku, bila mjadala. Mamia ya maelfu ya watu wakajaa mitaani kwenye baridi ya Februari, na kati ya bendera za taifa zilipepea nyingi za Umoja wa Ulaya. Siku chache baadaye amri ikafutwa. Mwaka uliofuata Laura Codruța Kövesi, aliyekuwa akiongoza kitengo cha kupambana na rushwa cha nchi hiyo, akaondolewa kazini. Mwaka 2019 akateuliwa kuwa Mwendesha Mashtaka Mkuu wa kwanza wa Ulaya, huku serikali ya nchi yake mwenyewe ikimpinga. Mromania aliyeyaona hayo akikwambia anauamini Umoja kuliko serikali, hasemi kwamba anataka kutawaliwa kutoka nje. Anasema anataka awepo mtu ambaye waziri wake hawezi kumfukuza kazi.

Kwa hiyo "naamini" moja inaweza kuwa "hatujagombana" ya yule bibi, kivuli cha serikali ya nyumbani, au kilio cha kutafuta mwamuzi. Zote tatu huanguka kwenye safu ileile ya jedwali.

Utazitofautishaje? Subiri siku taasisi hiyo itakapodai kitu.

Ugiriki ilifika siku hiyo. Kabla ya 2009 Wagiriki walikuwa miongoni mwa wapenzi wakubwa wa Umoja, nao walikuwa na sababu: barabara, ruzuku, heshima ya kuwa ndani. Oktoba 2009 serikali mpya ilitangaza kwamba nakisi ya bajeti ilikuwa imefichwa. Hesabu za mwisho za mwaka huo zilivuka asilimia 15 ya pato la taifa, wakati kanuni ya euro ni 3. Mei 2010 likaja fungu la kwanza la mkopo, euro bilioni 110, na pamoja nalo wasimamizi watatu: Tume ya Ulaya, Benki Kuu ya Ulaya na Shirika la Fedha la Kimataifa. Mishahara ikakatwa, pensheni zikakatwa. Fikiria mstaafu anayesoma karatasi yake ya pensheni: Brussels iliyokuwa bendera na mpaka wazi sasa ni tarakimu iliyopungua. Kufikia 2013 waliobaki wakiuamini Umoja walikuwa takriban mmoja kati ya watano.

Julai 5, 2015 wakaulizwa kwa kura kama wanayakubali masharti ya wakopeshaji. Asilimia 61.3 wakakataa. Juma moja baadaye serikali ileile iliyowaomba wakatae ikakubali masharti mengine magumu. Ukitaka kujua imani kwa ngazi mbili za utawala inavyouawa kwa pigo moja, soma juma hilo siku kwa siku. Na bado, muda wote huo, Wagiriki walio wengi waliendelea kusema kwamba wanataka kubaki na euro. Hilo uliweke akilini: kutoiamini taasisi si sawa na kutaka kuondoka. Mtu anaweza asimwamini mwenye nyumba hata kidogo na akaendelea kulipa kodi kila mwezi, kwa sababu ameziona nyumba nyingine.

Sasa ECOWAS. Kwanza tenganisha walioondoka na wananchi. Uamuzi wa Januari 28, 2024, uliokamilika Januari 29, 2025, ulitangazwa na watawala wa kijeshi watatu. Hakuna kura ya maoni iliyopigwa. Kwa hiyo huwezi kusema moja kwa moja kwamba watu wa Mali, Burkina Faso na Niger "waliikimbia".

Hata hivyo watawala hao walijua wanachokitegemea. Kwa miaka mingi raia wa kawaida aliijua ECOWAS kupitia jambo moja zuri: itifaki ya 1979, inayomruhusu kuingia nchi nyingine mwanachama na kukaa hadi siku 90 bila viza. Mfanyabiashara anayesafirisha mifugo au vitunguu hakuhitaji kuujua mkutano wa wakuu wa nchi. Baada ya mapinduzi ya Niger ya Julai 26, 2023, jumuiya ikafunga mipaka, ikazuia miamala ya fedha, na Nigeria ikakata umeme iliokuwa ikiiuzia Niger, nchi iliyotegemea umeme huo kwa sehemu kubwa. Ikatishia na vita. Vikwazo vililengwa kwa majenerali, vikawafikia wagonjwa hospitalini na wenye majokofu. Ghafla mtu wa kawaida akaijua jumuiya kwa sura nyingine, na sura hiyo ilizima taa.

Lililoharibu zaidi, kwa maoni yangu, si ukali wenyewe. Watu huvumilia refa mkali. Ni kwamba mwaka 2020, marais wa Guinea na Côte d'Ivoire walipogombea muhula wa tatu kwa hoja kwamba katiba mpya imefuta hesabu ya nyuma, jumuiya hiyohiyo ilizungumza kwa sauti ya chini mno. Mwanajeshi akipindua katiba kwa bunduki anapata vikwazo. Rais akiipinda kwa wanasheria anapata salamu za pongezi. Ndipo lile jina la "chama cha marais" lilipopata nguvu mitaani, na majenerali hawakuhitaji kutunga propaganda yoyote mpya. Sioni kama walikuwa wanatetea wananchi, niseme wazi. Lakini hoja waliipewa bure.

Ukiyaweka Ugiriki na Niger pamoja utaona kwamba taasisi ya mbali huishi kwa akiba. David Easton, mtaalamu wa siasa wa Marekani, alizitofautisha miaka ya 1960 namna mbili za uungaji mkono: ule unaofuata manufaa ya leo, na ule wa kina unaobaki hata uamuzi wa leo ukikuumiza. Taifa hujenga akiba hii ya pili kwa lugha, shule, vita vilivyopiganwa pamoja, wimbo na hata timu ya mpira. Jumuiya za nchi mara nyingi zina ile ya kwanza tu. Zikileta faida, zinapendwa; zikileta gharama, hazina pa kukopa.

Kuna taasisi za juu ya taifa ambazo hujaribiwa kwa namna tofauti, nazo ni mahakama. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, haiwezi kusikiliza kesi ya raia mmojammoja mpaka nchi yake iwe imetoa tamko maalumu la kuruhusu hivyo. Rwanda iliondoa tamko lake 2016, Tanzania ikafuata Novemba 2019, kisha Benin na Côte d'Ivoire 2020. Mahakama ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, huko Windhoek ilisimamishwa 2010, baada ya kutoa hukumu dhidi ya Zimbabwe kuhusu kuchukuliwa kwa mashamba. Angalia nani anakosa imani hapo. Raia walikuwa wakipeleka kesi, wengine wakiwa wafungwa walioandika maombi yao wenyewe gerezani, na huwapelekei shauri watu usiotarajia wakusikilize. Waliojitoa ni serikali. Hivyo ukisikia "imani kwa taasisi za kimataifa imepungua", uliza upesi: imani ya nani?

Nikupe na mfano wa upande wa pili, nchi inayoziamini taasisi zake za ndani kiasi cha kuwa na wasiwasi na za juu. Denmark ilipigia kura Mkataba wa Maastricht, ule uliounda Umoja wa Ulaya, Juni 2, 1992 na asilimia 50.7 wakaukataa. Hawakuwa wamegombana na Brussels. Waliona tu kwamba walichokuwa nacho nyumbani kinafanya kazi, kwa nini wakihamishe? Wakapewa misamaha minne, ukiwemo wa kutotumia euro na wa kutoshiriki mambo ya ulinzi, wakaukubali mkataba mwaka uliofuata. Ilipita miaka karibu 30. Juni 1, 2022, miezi michache baada ya Urusi kuivamia Ukraine, Wadenmaki waliitwa tena, safari hii kuufuta ule msamaha wa ulinzi. Theluthi mbili walisema ufutwe. Euro bado hawajaitaka. Imani ya namna hii ndiyo ninayoithamini: inatolewa kipande kipande, kwa jambo mahususi, na mwenye kuitoa anajua anachokabidhi.

Utauliza mwenzako afanye nini na jedwali lake. Alete pia safu ya "sijui", ambayo wachoraji wa grafu hupenda kuiacha. Alete mfululizo wa miaka, asilete mwaka mmoja. Na aangalie mhojiwa alidhani anajibu kwa nani. Mwisho wa dodoso la Afrobarometer, utafiti wa maoni wa nchi za Afrika, kuna swali ninalolipenda sana: unadhani ni nani aliyetutuma kufanya mahojiano haya? Mhojaji amejitambulisha mwanzoni kabisa kwamba hatoki serikalini, lakini sehemu kubwa ya wahojiwa hutaja serikali. Mtu anayeamini anaongea na mkono wa serikali, kisha anaulizwa kama anaiamini serikali, atakujibu nini? Katika World Values Survey, utafiti wa maadili na imani za watu duniani, zaidi ya asilimia 90 ya Wachina walisema wana imani na serikali yao kuu. Baadhi yao wanasema kweli, maana wameona maisha yao yakibadilika kwa kizazi kimoja. Baadhi wanajibu kwa busara. Jedwali haliwatenganishi.

Kuhusu elimu, nitakukatisha tamaa kidogo. Kuwafundisha watu jinsi taasisi inavyofanya kazi hakuongezi imani moja kwa moja. Machi 1999 Tume nzima ya Ulaya, makamishna 20 chini ya Jacques Santer, ilijiuzulu kwa pamoja baada ya ripoti ya wataalamu huru kuhusu upendeleo na uzembe. Kati ya yaliyofichuka ni kamishna aliyempa kazi ya ushauri daktari wa meno aliyekuwa rafiki yake. Mwanafunzi akifundishwa hilo vizuri atatoka darasani na imani ndogo kwa wanasiasa wa Brussels, na pengine kubwa zaidi kwa utaratibu uliowatoa. Elimu hufanya kazi nyingine: inamwondolea mtu haja ya kukisia. Anaacha kuihukumu taasisi ya mbali kwa kuitazama serikali ya karibu. Yule bibi wangu, kama angeelezwa jumuiya ile inapitisha nini na kwa fedha za nani, huenda angesema nawaamini, huenda angesema usinitajie. Ila lingekuwa jibu lake kuhusu wao, na mimi ningeliandika kwa moyo mweupe zaidi.